Pipa la Mama Kambale

Nakato, kisu changu ni chako sasa. Wafula, usimnyang'anye, wewe unanoa kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Nimewaachia pia jiwe la kunolea, lile lililoliwa katikati mpaka limebonyea, na mkasi mkubwa ambao hufunguka pale unapotaka wenyewe. Habari za mishahara sitaandika, mnazijua, na wala vyeo, maana katika bustani ya miche hakuna cheo. Ama mche umeshika, ama umekufa.

Ninaandika kwa sababu ya lile pipa. Wiki yangu ya mwisho kazini niliwatuma mtaa wa Bwaise na mkokoteni, mkalichukue pipa lililokatwa nusu, lenye mlimau mmoja uliojaa miiba, mlihamishe kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine, mahali palipoinuka kidogo. Mlinung'unika njia nzima. Wafula alichomwa mwiba shavuni akaniuliza, "Mama, malimau bustanini kwetu tele, tunayatupa. Hili lina nini?" Nikamwambia abebe na anyamaze. Haikuwa hasira. Jibu lenyewe ni refu, na pale njiani, mbele ya mwenye pipa, halikusemeka. Sasa nina nafasi. Mstaafu ana kazi gani?

Nilikuja Kampala na mume wangu, fundi wa matairi, tukapanga Kisugu. Vita vya themanini na sita vilikuwa vimeisha juzi tu. Nyumba zilikuwa hazina madirisha, na watu walikuwa bado wanatembea wakiangalia nyuma. Nilisikia kwamba kule chini ya kilima cha Kyambogo kuna bustani ya miche inayotafuta mikono, nikaenda. Nikawaamkia wote kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa furaha, kama tunavyoamkiana kwetu Maragoli siku ya soko. Wanawake waliokuwa wakijaza udongo kwenye mifuko wakanyamaza. Mmoja aliweka koleo chini akarudi nyuma hatua kadhaa.

Nilidhani nina kitu usoni. Kumbe hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya waliokuwa wakigonga mlango kwa kitako cha bunduki.

Mzee mmoja mwembamba, amevaa koti la suti juu ya kanzu iliyochanika, akanisogelea. Ndiye Mzee Kaddu, aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. "Wewe Mukenya?" akauliza. Nikasema ndiyo, mzee. "Basi ongea pole pole. Hiyo luga hapa ilichukua watu." Hapo akatoa kisu mfukoni akanipa, na jiwe. Hakuniuliza cheti wala barua.

Kazi yangu ya kwanza ikawa kunoa. Nilinoa kutwa. Jioni Mzee alikikokota kisu kwenye mkono wake, akaangalia kama malaika ya ngozi yamenyoleka, akatikisa kichwa. "Bado. Ludi noa." Kesho yake tena, "Bado." Nilimwambia mume wangu nimeajiriwa na kichaa. Siku alipokubali hakunisifu, alisema tu, "Sasa mti haitasikia uchungu sana." Nyinyi mnacheka nikiwaambia kisu butu ni dhambi, lakini kisu butu hubabua gamba, na palipobabuka huoza.

Wajukuu wangu nao watasoma haya, kwa hiyo nieleze kazi yenyewe ilivyo. Ukipanda mbegu ya chungwa tamu, hujui utapata nini. Huenda tamu, huenda chachu, na utangoja miaka. Sisi tunaotesha mlimau wa mwitu, kwa sababu mizizi yake ina nguvu, tunachukua kitawi au jicho la mchungwa mtamu tunaoujua, tunalipachika ndani ya gamba la ule mlimau, tunafunga. Likishika, chini ni mlimau na juu ni mchungwa uleule wa kwanza, si mfano wake. Hiyo ndiyo kubebesha. Mlimau unabeba mtoto wa mwenzake mgongoni.

Kufunga tulifunga kwa tulichonacho. Utepe wa dukani haukuwapo. Tulikata mipira ya ndani ya baiskeli, mume wangu akinitunzia vipande, na baadaye mifuko ya nailoni, hizi kaveera zinazoziba mitaro. Na miti mama haikuwapo pia. Askari waliolala bustanini walikuwa wameikata yote kuni, isipokuwa mchungwa mmoja nyuma ya choo ambao harufu iliuokoa. Kwa miaka mingi macho yote tuliyobebesha yalitoka kwenye mti huo. Wapo mabwana wakubwa katika mji huu wanaojivunia michungwa yao mbele ya wageni, na mimi nikipita ninajua ukoo wake ulianzia chooni.

Mzee Kaddu alikuwa na sheria moja kuhusu lebo, na nyinyi nimewapigia kelele kwa sheria hiyohiyo. Kila mche uliobebeshwa hufungiwa kipande cha bati kilichokwaruzwa kwa msumari, na kinachoandikwa ni jina la mti mama. Kitawi hakina jina lake. "Mtoto huyu," alisema, "ukimuuliza jina anakwambia jina ya mama." Bati likipotea, mche tunauweka kando na hatuuzi, hata uwe mzuri namna gani.

Kiingereza cha kile kitawi nilikijua kabla ya kukijua Kiganda chake. Bwana shamba mmoja alikuja kutufundisha, akaandika ubaoni: scion. Akatamka "saion". Mimi mlokole nikasikia Sayuni ya kitabu cha nyimbo, nikaona kumbe kazi yetu ni takatifu. Tulilitumia neno hilo miaka, la kazini, kama koleo na ndoo.

Basi siku moja nilikuwa ninafungia vitawi kwenye gazeti kuukuu, jicho likaangukia ukurasa wa matangazo ya vifo. Picha ya bwana mwenye tai. Chini wameandika kwamba marehemu alikuwa scion wa familia kubwa na maarufu. Ala! Nilisoma tena. Mtu mzima, mwenye tai, kitawi?

Tulikuwa na mteja, Mwalimu Opio, aliyefundisha Kiingereza kule Kyambogo juu, mtu wa pole aliyependa michungwa na kuua yote aliyonunua kwa kuimwagilia mno. Nikamwonyesha. Akafurahi kama aliyepewa zawadi, na kesho yake akaja na kamusi nzito chini ya kwapa. Akatueleza, mimi na Mzee, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa wa zamani, na maana yake ilikuwa chipukizi, kitawi, hasa hicho kinachokatwa ili kibebeshwe. Nyuma ya hapo hata wenye kamusi hawana hakika limetoka wapi. Baadaye ndipo wakaanza kumwita hivyo mtoto, mjukuu, mrithi wa nyumba fulani. Lilianzia mtini likahamia kwa watu.

"Sisi tunaenda kinyume," nikasema. "Tunaanza na mtu. Twasema mti mama, twasema mtoto wa mgomba."

Mwalimu akasema ni kweli, na kwamba Kiingereza kina maneno mengine ya mtoto, kuna la kuchipuka kutoka kwa mtu, offspring, na kuna la kutoka tu, issue, kama mtu anavyotoka mlangoni. Lakini hili, akasema, siku hizi hutumika kwa watoto wa nyumba zenye majina. Mtoto wa yeyote haitwi hivyo.

Mzee Kaddu alimgeukia Mwalimu. Akauliza, "Hao Wazungu waliita mtoto jina ya kitu inakatwa na kisu?" Mwalimu akasema ndiyo. "Kale," akasema Mzee, yaani sawa, "basi walijua." Akainuka akarudi kwenye miche yake. Yeye alikuwa amezika watoto wake wote wakati wa vita, nasi tuliofanya kazi naye tulijua habari hiyo haiulizwi.

Ndipo nifike kwa Mama Kambale, mwenye lile pipa.

Alikuja wakati vita vya Kongo vilipokuwa vimekolea na Wakongo walipoanza kuwa wengi mjini. Alikuwa muuza vitenge, anavibeba begani mlango hadi mlango, akilala Bwaise. Siku hiyo hakuwa na vitenge. Alikuwa amekumbatia kifurushi cha gome la mgomba kilichofungwa kwa kamba.

"Mama, jambo. Banasema hapa kuko fundi ya kuunganisha miti."

"Ni mimi, na huyu mzee. Karibu, mama."

"Kaka yangu ameleta hii leo, kutoka kwetu. Ni muti ya baba." Nikamletea ndoo akaigeuza, akakaa, na kwa kituo akatuambia.

Alikuwa Mnande, kutoka upande wa Beni. Kwao jina la mtoto linataja nafasi aliyozaliwa: Kambale ni mvulana wa pili. Wa kwanza alikufa angali mchanga. Huyu wa pili alizaliwa nyumbani kwa babu yake, na kitovu chake kikazikwa chini ya mchungwa uliokuwa uani. Walipokimbia, mtoto alikuwa na homa. Akafa njiani, katikati ya msururu wa watu. Walimzika kando ya barabara, haraka haraka, kwa mikono na sufuria, wakaweka jiwe, wakasukumwa mbele. Miaka ilipopita kaka wa Mama Kambale, mchuuzi anayekwenda na kurudi, alipatafuta mahali pale. Barabara ilikuwa imepanuliwa kwa trekta. Hapakuwa na jiwe wala hapakuwa na mahali.

"Hapa Bwaise batu bote bananiita Mama Kambale," alisema. "Asubuhi Mama Kambale, mangaribi Mama Kambale. Na Kambale hayuko. Kaburi hayuko. Kitu imebaki ya mutoto yangu ni ile kitovu, na kitovu iko ndani ya ile muti. Sasa munisaidie. Muti ikuwe hapa."

"Na mti wenyewe huko umesalia?" nikauliza.

"Bamekata makaa. Kaka amekuta iko chini tayari, akachukua matawi yenye ilikuwa na majani."

Mlishanisikia nikisema si kila kinacholetwa hubebesheka. Tulifungua kifurushi. Mtu fulani kwenye lori alikuwa amekiweka karibu na injini, na vitawi vilikuwa vimeiva kama mboga. Mzee Kaddu alikwaruza gamba kwa ukucha, kimoja kimoja. Kahawia. Kahawia. Kahawia. Mama Kambale alikuwa akiuangalia ule ukucha tu. Katikati kabisa ya kifurushi palikuwa na kitawi kimoja kilichokingwa na wenzake, na Mzee alipokwaruza, chini ya gamba kulikuwa kijani. Macho mengine ya kitawi hicho yalikuwa vipofu. Moja lilikuwa hai.

Mzee akanipa kile kitawi. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka miaka ile, ingawa hakuna aliyethubutu kuitaja. "Wewe," akasema.

"Mzee, ni jicho moja tu. Nikiharibu?"

"Ukihalibu, umehalibu. Mimi nikikata, nitahalibu kweli kweli."

Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kujifungua. Nilinoa kisu kilichokuwa kikali tayari. Nilichagua mlimau wenye gamba linaloachia vizuri, nikachanja msalaba usio na kichwa, nikalikata lile jicho na kigao chake chembamba cha gamba, nikalitelezesha ndani, nikafunga kwa mpira wa baiskeli, juu na chini, jicho nje. Muda wa kumeza mate. Mama Kambale akauliza kama anaweza kuugusa mche. Mzee akamwambia hapana, na akaongeza, kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuupata, "Aache alale kwanza."

Akawa anakuja kila alipopata nafasi, kutoka Bwaise, na vitenge vyake begani. Hakuuliza kitu. Alisimama mbele ya mche akatazama, akaondoka. Wanawake wa udongo, walewale walioogopa Kiswahili changu, wakaanza kumwekea chai. Siku ya kufungua nilimwita awepo. Nilifungua mpira taratibu, na lile jicho lilikuwa kijani, limevimba, limeshika. Banange! Wanawake walipiga vigelegele. Yeye alikaa chini palepale kwenye matope akajifunika uso kwa kitenge.

Alipotulia nilimweleza habari za lile neno. Nilimwambia, mama, Waingereza wana neno la kitu hiki, na neno hilohilo ni la mtoto wa nyumba, anayebaki.

"Mutoto ya kweli?"

"Wa kweli. Limo katika kamusi."

Alifikiri. "Basi jina yake iandike hapa," akasema, akionyesha bati. Sheria ya Mzee mnaijua. Bati ni la jina la mti mama, na mti mama ulikuwa makaa huko Beni. Nilimwangalia Mzee. Akanyanyua msumari mwenyewe, na kwa ule mkono wa kutetemeka akaandika: KAMBALE.

Wengine watasema nilimtia maneno kichwani. Mimi sisemi hivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa akijua alichokuja nacho kabla sijafungua mdomo.

Kabla ya kuuchukua nilimpa masharti, kama ninavyompa kila mteja. Maji kiasi. Jua. Na la muhimu kuliko yote: chini ya jicho, mlimau utatoa machipukizi yake. Yatakuwa manene, mazuri, yanakua mbio. Hayo ni wezi. Usipoyakata yatanyonya kila kitu na jicho litakauka. Palikuwa na moja limeshaanza, laini, lina majani mawili. Nikalikata mbele yake ili aone. Aligeuza uso kama aliyepigwa kofi.

"Lazima?" akauliza.

"Lazima, mama."

Aliupanda kwenye pipa, ingawa mwenye nyumba alimpa kipande cha uani. "Udongo ya pale si yangu," alisema. "Nilishaacha muti moja."

Mzee Kaddu alifariki mwaka uliofuata, kimya kimya. Tulimpeleka kijijini kwao, na nikarudi kusimama mahali pake na kisu changu. Siku za kazi zikawa nyingi. Nyinyi hamkuwapo bado. Nikimkumbuka Mama Kambale nilijisemea kwamba nitakwenda, na kesho ikazaa kesho.

Nilikwenda baada ya mafuriko makubwa. Bwaise mnapajua mvua ikinyesha. Maji hayaombi ruhusa. Nilipita nimekunja gauni, magodoro yameanikwa juu ya mapaa, harufu ya mitaro kila mahali. Jirani yake, mama mmoja Mganda aliyekuwa akikwangua tope mlangoni, alinielekeza. "Unatafuta Maama Kambale? Huyo alinyanyua pipa kwanza. Godoro yake akaacha maji ikachukua. Pipa kwanza!" Akacheka, lakini si kwa ubaya.

Nikaliona kwa mbali, juu ya matofali, na mti umesimama, umestawi, umefika urefu wa mtu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, Mzee, umeona? Nikasogea.

Kwanza niliona miiba. Mirefu, minene. Nikajiambia mchungwa nao una miiba. Nikachuma jani nikalisugua viganjani, nikanusa, nikajua. Limau. Nikainama kutazama shina. Mti wote ule ulikuwa umetokea chini ya kovu langu. Palipokuwa na jicho palikuwa na alama kavu, kama kidole kilichokatika zamani. Bati halikuwapo.

Nilikatwa maini, sitawaficha. Mti mama ulikuwa umekatwa makaa, jicho lilikuwa moja, na hili lisingerudiwa na fundi yeyote duniani. Nikasikia mlango nyuma yangu. Mama Kambale alikuwa amezeeka. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Mzee, nikamwambia, akalia kidogo. Mimi muda wote jani liko kiganjani na ninatafuta maneno. Nilisema moyoni labda nisiseme. Mtu ameacha godoro liende na maji kwa ajili ya mti huu; mimi ni nani nimwambie ni wa mwitu?

Nikafungua mdomo. "Mama Kambale, huu mti..."

"Nusa tena," akasema. "Unazani miye sijanusa?"

Nikaliinua jani puani tena.

"Muti ya baba nilikulia chini yake. Majani yake naijua ata ningali kipofu. Hii haiko yeye. Najua siku mingi." Alikaa kwenye ukingo wa matofali. "Yale machipukizi ilikuja, vile ulisema. Kidogo, laini. Nikachukua kisu. Nikakumbuka umesema, mwizi. Nikaangalia. Iko na majani mbili. Mama, niko nimeacha mutoto mumoja kando ya barabara. Miye nikate ingine na mukono yangu? Nilijaribu, nikarudi nyumba. Nikajaribu tena. Mukono ikakataa."

"Na jicho?"

"Ikakauka pole pole. Niliiangalia mupaka mwisho. Njiani sikupata kumuangalia mupaka mwisho, banatusukuma." Alipangusa uso kwa mkono. "Siku ilikufa kabisa, nikaitoa na ukucha, muzima muzima. Nikaifunga ndani ya kitambaa nyeupe. Batu ya kanisa yetu bakakuja, tukaimba. Nikaizika hapa, chini ya hii muti, na kile kibati yenye Mzee aliandika."

Akaweka kiganja juu ya udongo wa pipa.

"Sasa bakiniita Mama Kambale, najua nigeuke wapi. Na bakitufukuza hapa, ama vita ikuje, ama maji, sitamuacha tena. Tutamubeba."

Nilikaa naye kwenye yale matofali, tukatazama tope. Nilikuwa nimekuja na kisu mfukoni, kama kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza kilinichoma pajani kwa aibu. Nililia njia nzima hadi Kisugu.

Toka siku hiyo nilipita kila mwaka. Nilimletea samadi. Malimau huyagawa kwa majirani, ya kikohozi na ya chai, na hauzi hata moja. Chipukizi lolote linalotokea kwenye ule mti huliacha, ndiyo maana umekuwa kichaka na ndiyo maana Wafula ana kovu shavuni. Mwaka huu maji yalipopanda tena, magoti yake hayakuweza, na kwa mara ya kwanza aliniomba msaada. Mimi nami mgongo umekwisha. Ndipo nikawatuma nyinyi.

Sasa mmejua. Lile neno la kwenye kamusi Mwalimu Opio alisema ni la watoto wa nyumba kubwa, na kweli matangazo ya magazeti sijaona yakimtaja hivyo mtu wa Bwaise. Mimi nimelitumia kazini maisha yangu yote, na kila ninapolisikia ninamwona mmoja tu.

Nakato, noa kila asubuhi. Machipukizi ya chini kateni yote, mapema, bila huruma. Kazi ni kazi, na mteja anataka chungwa. Lakini mkiitwa Bwaise tena, mwende wote wawili, mbebe polepole, pipa lisiinamishwe na udongo usimwagike. Wafula, ulisema ni zito mno kwa mlimau mmoja. Ulikuwa umembeba Kambale.